Picha Niliyodaiwa

Nilipokuwa mwaka wa pili nikisomea uhasibu, nilinunua kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, yenye mkwaruzo mrefu ubavuni na lenzi moja tu ya milimita 50, isiyoweza kuvuta kitu chochote karibu wala kukisogeza mbali. Aliyeniuzia alinieleza kwamba shata yake, yaani kile kipazia cha ndani kinachoruhusu mwanga kuingia, ilikwisha kufunguka na kufunga zaidi ya mara 60,000, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, ilhali sikujua hata kama idadi hiyo ni kubwa au ndogo. Kwa miezi michache ya mwanzo nilimwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba nimeamua kufuata ninachokipenda. Kauli hiyo ilinipendeza mno. Ilinifanya nijione mtu aliyejitoa katika kundi la wenzake waliokuwa wakikariri kanuni za kuandaa taarifa za fedha, akaenda zake kusimama kwenye mwanga.

Nilidhani ninachagua uhuru. Miaka miwili iliyofuata ilinionyesha kwamba nilikuwa nimejiandikisha katika madeni, mengine ya muda, mengine ya ujuzi, na moja, lililonikaa moyoni kuliko yote, la picha ya mzee aliyekuwa akisafisha ngazi za bweni letu.

Baba yangu hakuipinga kamera. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia simulizi ya mwanafunzi na kipaji chake hutarajia mzazi mkali anayegonga meza, na baba hakuwa hivyo. Yeye aliuliza maswali, na maswali yake yalikuwa magumu kuliko makatazo. Nilimwendea likizo moja nikiwa na hoja niliyoiandaa vizuri, nayo ilikuwa maisha ya Sebastião Salgado, Mbrazili aliyesomea uchumi, akafanya kazi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa jijini London, kisha mwaka 1973 akaiacha kazi hiyo na kuwa mpiga picha, na hatimaye akawa miongoni mwa wapiga picha wanaoheshimiwa zaidi duniani. Nilimweleza hata kwamba kamera iliyomfungulia njia ilikuwa ya mkewe, Lélia. Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Mwanangu,” akasema, “huyo bwana aliacha kazi. Wewe unataka kuacha nini?”

Sikuwa na jibu, kwa kuwa kwa hakika sikuwa na cha kuacha isipokuwa nusu ya shahada. Kisha akaniomba nimwonyeshe picha moja, moja tu, ambayo ningekuwa tayari kurudi na kuipiga tena kwa namna ileile. Nilipekua picha zaidi ya 3,000 zilizokuwamo kwenye kompyuta, nikipita maua, paka, viatu vya rafiki zangu na madirisha ya kila aina, na mwishowe nikamwonyesha picha ya machweo. Aliitazama kwa adabu kwa muda wa kutosha. “Jua ni zuri,” akasema. Kuhusu picha yenyewe hakusema neno.

Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, kwamba nitaimaliza shahada, na kwamba kamera itapewa saa zake badala ya kunyang’anya saa za masomo. La pili lilikuwa wazo lake: kila muhula ukiisha, nimletee picha kumi, na kwa kila moja nimweleze kwa maneno nilikiona nini kabla ya kubonyeza. Wakati ule sharti hilo la pili lilinionekania kama ada ndogo ya kunyamazisha mgogoro. Baadaye niligundua kwamba hakuna mwalimu wa upigaji picha ambaye angenipa zoezi gumu kuliko lile, maana picha nyingi nilizozipenda ziligoma kabisa kuelezeka, na nilipochunguza sababu niliona kwamba sikuwa nimekiona chochote. Nilikuwa nimebonyeza tu kwa sababu kulikuwa na rangi.

Sasa niseme kuhusu ufundi wenyewe, ambao ndio sehemu niliyoionea haya kwa muda mrefu. Miezi sita ya kwanza niliiacha kamera ijiamulie kila kitu, na picha ikitoka vizuri nilijisifu, ikitoka vibaya nililaumu mwanga. Nilipoamua kuweka vipimo kwa mkono, namba za tundu la lenzi ndizo zilizonitesa kwanza: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Nilizikariri bila kuzielewa. Namba inapoongezeka mwanga unapungua, jambo ambalo tayari ni la kinyume, na hatua kati ya namba moja na nyingine hazilingani. Usiku mmoja, nikiwa na kikokotoo mezani kwa ajili ya zoezi la uchakavu wa mali, niliamua kuzigawanya. Nikagawanya 2.8 kwa 2, nikapata 1.4. Nikagawanya 4 kwa 2.8, nikapata karibu 1.43. Nikagawanya 5.6 kwa 4, nikapata 1.4 tena. Kumbe ni kipeuo cha pili cha 2, kinachozidishwa hatua baada ya hatua na kukadiriwa ili kisichoshe kichwa.

Sababu yake ni ya darasa la jometri. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo ukitaka kupunguza mwanga kwa nusu huhitaji kukata kipenyo kwa nusu, bali unakigawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Na namba zile ni uwiano tu kati ya urefu wa fokasi, ambao kwa lenzi yangu ndio zile milimita 50, na kipenyo cha tundu, ndiyo maana tundu likisinyaa namba inakua. Lenzi yangu ya milimita 50 ikiwekwa kwenye 2 hufungua tundu lenye upana wa milimita 25, na ikiwekwa kwenye 16 hubaki na tundu la milimita 3 na kidogo. Nilikaa nikiitazama lenzi ile ikifunguka na kusinyaa kama mboni ya jicho, na nakumbuka nilicheka peke yangu chumbani, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nimekitumia kipeuo hicho kwenye mitihani bila kukutana nacho hata mara moja nje ya karatasi.

Hapo ndipo uhasibu wangu, ambao nilidhani ninaukimbia, ulipoanza kunifaa. Katika hesabu zetu hakuna muamala wenye upande mmoja. Kila kinachoingia mahali fulani kimetoka mahali fulani, na vitabu visipolingana kuna kitu umekificha au umekisahau. Mwanga nao una tabia hiyo hiyo. Ukifungua tundu upate mwanga mwingi, unalipa kwa kina: uso unaonekana wazi na masikio yanaingia ukungu. Ukiiacha shata wazi kwa muda mrefu, unalipa kwa utulivu, kwa sababu mkono wa binadamu hutikisika, na kwa lenzi ya milimita 50 kuna kanuni ya zamani kwamba usiiache wazi kwa zaidi ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde kama huna cha kuegemeza kamera. Ukipandisha kiwango cha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, kamera inakukopesha mwanga ambao haukuwapo, na riba yake ni chenga, zile punje punje zinazotapakaa kwenye vivuli. Nikaanza kubeba daftari lenye safu mbili, kushoto nikiandika nilichopata na kulia nikiandika nilichodaiwa, na kwa kila picha muhimu nikajaza pande zote mbili. Wenzangu waliliona daftari hilo wakadhani ninafanya kazi ya darasani.

Kosa lililonifunza zaidi katika ufundi halikutokana na hesabu, lilitokana na nyuso. Kikundi chetu cha masomo kiliniomba niwapige picha ya pamoja mbele ya ukuta mweupe, mchana, na nilifuata kipimo cha kamera kwa uaminifu wote. Ukuta ulitoka mzuri sana, na watu wakatoka kama vivuli. Mmoja wao, msichana mwenye ngozi nyeusi kuliko sisi sote, aliiangalia picha kwenye simu yake kwa muda kisha akaniambia kwa upole, “Dada, mimi umenipiga bila macho.” Ningependa angekasirika. Upole ule ulinifanya nitafute sababu.

Sababu ni kwamba kipimo kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kinapaswa kuwa kijivu cha wastani, kijivu kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mbele ya ukuta mweupe kamera hudhani mwanga umezidi, hivyo inaupunguza, na wa kwanza kuzama gizani ni wale wenye ngozi nyeusi. Dawa yake ni rahisi: unasogea karibu na kupima uso wenyewe, au unaiambia kamera iongeze mwanga hatua moja au zaidi juu ya kile inachokiamini, au unawaondoa watu ukutani. Katika kusoma zaidi nilikuta jambo ambalo kwa kweli lilinikera. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipatia maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kwamba rangi zimetoka sawa. Kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Filamu za rangi zilitengenezwa kwa kuitazama ngozi ya aina hiyo. Sikulileta jambo hilo kwa yule dada kama udhuru, kwa kuwa kamera yangu haikuwa ya filamu na kosa lilikuwa langu. Lakini kuanzia siku hiyo sikuwahi tena kuukubali uamuzi wa mashine kuhusu uso wa mtu bila kuuangalia uso wenyewe kwanza. Kikundi kizima nilikipiga upya wiki iliyofuata, chini ya kivuli cha jengo, na macho yote yakaonekana.

Sitaki kudanganya kwamba makubaliano yangu na baba yalikwenda vizuri. Muhula wa pili wa mwaka ule nilifeli somo la uhasibu wa gharama. Nilikuwa nikikesha nikihariri picha, si kwa sababu zilihitaji kuhaririwa bali kwa sababu kusogeza vidhibiti vya rangi kwenye kioo hufanana sana na kufanya kazi, na ni rahisi kuliko kazi. Nilirudia mtihani, nikafaulu, na baba hakunikumbusha tena jambo hilo, ila muhula huo alipopokea picha zangu kumi aliuliza, “Hizi ndizo zilizogharimu lile somo?” Nilizitazama upya kwa jicho la swali hilo. Mbili hazikuwa na thamani hata ya kurasa tano za kitabu.

Nikapunguza kuhariri, na nikapunguza pia kupiga. Katika maktaba nilisoma habari za Seydou Keïta, fundi seremala wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948, akawapiga watu wa mji wake kwa miaka mingi katika mwanga wa jua, mara nyingi uani, akiwa ametundika kitambaa nyuma yao. Kilichonigusa ni kwamba mara nyingi alimpiga mteja fremu moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali, na kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya shata kufunguka: kumweka mtu, kuugeuza uso kidogo, kupanga mikono, kusubiri. Mteja naye aliondoka na picha ya karatasi mkononi. Mimi nilikuwa nikimpiga mtu mara 40 kwa dakika moja nikitumaini kwamba bahati itachagua kwa niaba yangu, na hakuna hata mmoja wa watu hao aliyewahi kuondoka na kitu.

Nikajiwekea kikomo cha fremu 36 kwa wiki, idadi iliyokuwa ikikaa kwenye mkanda mmoja wa kawaida wa filamu ya milimita 35. Wiki ya kwanza niliimaliza idadi hiyo kabla ya Jumanne. Wiki ya tano nilifika Jumapili nikiwa na fremu 11 za ziada, na si kwa uvivu. Nilikuwa nimeanza kutoka alfajiri, jua linapochomoza, wakati mwanga ungali chini na umelala ubavu, ukipapasa kuta na kutoa vivuli virefu, na nilikuwa nikisimama mahali pamoja kwa nusu saa bila kuinua kamera. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba mwanga wa saa hizo haugombani na vipindi vya darasani. Saa zile baba alizozitaka kamera ipewe zilikuwapo tangu mwanzo. Ni mimi niliyekuwa nimelala.

Asubuhi mojawapo ya hizo ndipo nilipompiga yule mzee.

Alikuwa akisafisha ngazi za bweni letu kuanzia ghorofa ya juu kushuka chini, kila siku, kabla wengi hawajaamka. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu palikuwa na dirisha refu linalotazama mashariki, na kwa dakika zisizozidi 15 jua liliingia hapo moja kwa moja na kuugeuza mvuke wa maji kwenye ngazi kuwa kitu chenye umbo. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikienda kupiga picha za mahali pengine. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye ngazi akipumzika, ndoo pembeni, mikono miwili juu ya mpini wa fagio, uso nusu kwenye mwanga na nusu kivulini. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akasema, “Piga, binti, ila utanipa na mimi.” Nikasema nitampa. Nikapima uso wake, nikaweka tundu kwenye 4, shata kwenye sehemu 1 ya 125, nikapiga fremu mbili. Ya pili ndiyo iliyokuwa picha.

Nilijua hivyo kabla hata ya kuiona kwenye kioo. Muhula ulipoisha niliiweka ya kwanza katika zile kumi, na baba, ambaye kwa muhula mzima alikuwa akiniuliza nilikiona nini, safari hii hakuuliza. Aliishika kompyuta, akaisogeza karibu na macho yake, kisha akasema, “Huyu amechoka, lakini hajashindwa.” Ikawa picha yangu. Katika onyesho la kazi za wanafunzi iliangazwa kwa projekta juu ya ukuta wa ukumbi, kubwa kuliko mlango, na watu waliniuliza jina la lenzi, jina la programu ya kuhariria, na kama ninapokea kazi. Nilipata kazi mbili za malipo kutokana na jioni ile. Hakuna aliyeuliza jina la mzee, na mimi, ninaona haya kusema, sikuwa nalo.

Yeye hakuwapo ukumbini. Alizisikia habari hizo kutoka kwa wanafunzi, na asubuhi moja akanisimamisha kwenye ngazi. “Nasikia nimekuwa mkubwa ukutani,” akasema akicheka. “Na ile yangu?” Nikamwambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata kulikuwa na jaribio, nyingine nilitaka kwanza nipate karatasi nzuri, nyingine nilisahau tu. Kila aliponiona aliuliza, bila lawama, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida, na ilifika mahali nikaanza kutumia ngazi za upande wa pili. Ni jambo la ajabu kuandika hivyo: nilikuwa ninamkwepa mtu ambaye uso wake niliuweka kwenye kila ukurasa nilioutumia kujitambulisha kama mpiga picha.

Katika miezi hiyohiyo nilisoma habari za picha ambayo Dorothea Lange aliipiga mwaka 1936 huko Nipomo, California, ya mama aliyezungukwa na wanawe katika kambi ya wavuna njegere, picha iliyozunguka dunia nzima ikiwa alama ya dhiki ya miaka ile. Lange hakulichukua jina la mama yule. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana hadharani mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye, naye alieleza kwamba hakuwahi kupata chochote kutokana na picha hiyo. Lange alikuwa akiifanyia kazi serikali, picha zile hazikuwa mali yake ya kuuza, na nia yake ilikuwa watu wale wasaidiwe; sidhani ni haki kumweka kwenye kizimba kirahisi. Lakini niliposoma habari ile sikumfikiria Lange. Niliifikiria ngazi ya upande wa pili.

Nikaamua kwamba kesho yake nitaisafisha ile picha kwenye karatasi. Jioni hiyo nilichomeka diski ya nje nilikohifadhi picha zangu zote, na diski haikuonekana kwenye kompyuta. Ilitoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, kama saa iliyokwama, na baada ya hapo ikanyamaza. Fundi niliyempelekea alisema kichwa kinachosoma diski kimeharibika, na kuokoa kilichomo kungehitaji maabara maalumu kwa gharama ambayo mwanafunzi hawezi hata kuikadiria. Miezi 11 ya kazi ilikuwa ndani yake. Kwenye intaneti zilibaki nakala ndogo zilizobanwa, nzuri kwa kioo cha simu, zisizofaa kwa karatasi. Picha ya mzee, iliyokuwa kubwa kuliko mlango, haikuwahi kuwapo popote kama kitu cha kushikwa. Ukutani ulikuwa mwanga tu, na projekta ilipozimwa ulikwisha.

Wanaoishi na mafaili wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Nilikuwa naijua kanuni hiyo. Nilikuwa hata nimemfundisha mwenzangu mmoja. Mhasibu mtarajiwa, anayejua kwamba leja haiwekwi nakala moja, nilikuwa nimeweka kila nilichonacho ndani ya kisanduku kimoja kinachozunguka kwa kasi ya mara 5,400 kwa dakika.

Nilimfuata mzee asubuhi kwenye ngazi zake, si zile za upande wa pili, nikamwambia yote: kwamba picha imepotea, kwamba nilikuwa nimechelewa kwa uzembe, kwamba nilikuwa nikimkwepa. Alikamua tambara lake polepole mpaka maji yakaisha. “Basi piga nyingine,” akasema. Nikachukua kamera begani. Akainua mkono. “Siyo hivi. Jumamosi.” Nilipomwuliza jina lake, alinitazama kidogo kabla ya kulitaja, kama mtu anayetafakari kama bado lina maana kulisema, kisha akalitaja lote, lake na la baba yake, nami nikaliandika kwenye daftari.

Jumamosi alikuja akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti la rangi ya kijivu ambalo sikuwahi kumwona nalo. Hakuwa na ndoo wala fagio. Nilijaribu kumpeleka kwenye ngazi, kwenye dirisha langu, kwenye dakika zangu 15, akakataa kwa upole uleule wa siku zote. “Pale ni kazini,” akasema. Alitaka kusimama nje, mbele ya mti, amenyooka, mikono pembeni, akiitazama lenzi. Kila nilichokuwa nimejifunza kilinong’ona kwamba hiyo si picha: mwanga ulikuwa juu mno, usimamaji wake ulikuwa wa kitambulisho, na nyuma yake kulikuwa na matawi yaliyochanganyikana. Nilimsogeza hatua mbili kuelekea kivulini, nikafungua tundu ili matawi yaingie ukungu, nikaongeza mwanga hatua moja kwa ajili ya uso wake, na mengine yote nikamwachia yeye. Nilipiga fremu nne. Alitaka kuziona zote, akaichagua ya tatu, ambayo mimi nisingeichagua.

Niliisafisha kwa ukubwa wa sentimita 13 kwa 18, kwenye karatasi nene isiyong’aa, nakala mbili, nikazitia kwenye bahasha ngumu na kumpelekea Jumatatu. Aliikausha mikono kwenye suruali, kila kidole peke yake, kabla ya kuipokea. Aliitazama kwa muda mrefu akiwa ameisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha akaigeuza nyuma na kukuta ni nyeupe. “Andika,” akasema, “jina na siku.” Nikaegemeza karatasi ukutani na kuandika jina lake kamili na tarehe kwa penseli. Akaisoma.

“Na la kwako,” akasema. “Watauliza ni nani aliyepiga.”

Nikaliandika chini ya lake. Akairudisha picha kwenye bahasha, akaiweka bahasha juu ya ukingo wa dirisha mahali ambapo maji yasingefika, na akachukua tena fagio lake. Nilikuwa nimekwisha kushuka ngazi tano au sita aliponiita kuniuliza kama ninaweza kumpiga na mkewe, wakiwa pamoja, maana hawakuwahi kuwa na picha wakiwa wawili. Nikamwambia ninaweza, nikalitoa daftari, na papo hapo kwenye ngazi nikaandika majina yao mawili katika safu ya kulia, pamoja na siku.